Kugeuza Injini ya Mvuke Kutoka Makaa ya Mawe Hadi Mafuta Mazito: Mwongozo Kamili

Maswali yanayonifikia kuhusu kazi hii yanafanana mno. Fundi ametengeneza kichomeo kizuri, amekifunga chini ya tanuri la injini, amewasha. Baada ya nusu saa dohani inatoa moshi mweusi tii, geji ya mvuke haipandi, na mirija ya boila imeziba kwa masizi. Anachouliza ni kipimo cha tundu la kichomeo, kana kwamba milimita moja ndiyo inayomkwamisha.

Tundu mara nyingi halina kosa. Hewa haitoshi au inaingia mahali pasipofaa. Mafuta yamepelekwa yakiwa baridi. Moto haukupewa nafasi ya kuungua kabla ya kugusa chuma. Ndiyo maana kichomeo kimewekwa hatua ya sita. Ukikirukia, utarudi hapa.

Wanaouliza wengi wana injini ya makumbusho au ya reli ya utalii, na makaa mazuri ya injini yamekuwa adimu. Mgodi wa Ffos-y-fran kule Wales, uliokuwa tegemeo la reli nyingi za kihistoria za Uingereza, ulifungwa Novemba 2023. Kampuni ya reli ya Union Pacific ya Marekani iliigeuza injini yake kubwa ya mvuke, Big Boy 4014, itumie mafuta kabla ya kuirudisha njiani Mei 2019. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati: injini kubwa za mwisho za East African Railways zilikuwa za mafuta. Ukifika Makumbusho ya Reli Nairobi, omba uchungulie tanuri la 5918 Mount Gelai kabla hujachora chochote. Utaelewa hatua ya nne na ya tano kwa dakika kumi.

## Mahitaji

- Cheti cha boila kilicho hai na ruhusa ya maandishi ya mkaguzi (mamlaka ya usalama kazini: kwa Tanzania ni OSHA, kwa Kenya ni DOSHS). Bila hiyo, usianze.
- Tangi la chuma la kukaa penye nafasi ya makaa, pamoja na mabomba yasiyo na mshono ya kulipasha moto ndani.
- Vichujio viwili vya mafuta vinavyoweza kusafishwa kimoja huku kingine kikifanya kazi.
- Valvu ya dharura ya kujifunga yenyewe, waya wake na mnyororo.
- Mabomba ya kunyumbulika ya chuma kwa ajili ya kiungo kati ya injini na behewa la nyuma. Mpira wa kawaida hauvumilii mafuta ya moto.
- Matofali ya kuhimili moto yenye alumina asilimia 40 au zaidi, saruji ya moto, na pamba ya kauri.
- Mabamba ya chuma ya kutengenezea beseni la moto.
- Kichomeo cha kunyunyiza kwa mvuke.
- Vipimajoto viwili: kimoja cha tangi, kimoja karibu na kichomeo.
- Chanzo cha mvuke cha nje, au kompresa kubwa, kwa kuwashia.
- Mafuta mazito ya tanuri. Oili chafu ya magereji inaweza kutumika, ila soma onyo la hatua ya pili kwanza.

Petroli, mafuta ghafi ya kisimani na mchanganyiko wowote wenye petroli havimo kwenye orodha, na visiingie.

## Hatua ya 1: Kagua boila na umbo la tanuri

Moto wa makaa hupanda taratibu na kushuka taratibu. Wa mafuta unaweza kupanda au kuzimika kwa sekunde, na chuma cha tanuri kinatanuka na kusinyaa kwa kasi hiyohiyo. Mirija iliyokuwa inavuja jasho tu wakati wa makaa itavuja maji kabisa wakati wa mafuta.

Fanya jaribio la maji kwa shinikizo kabla ya kukata kitu. Weka alama ya chaki kila penye unyevu: vichwa vya stei (vyuma vinavyoshikanisha kuta za tanuri na boila), midomo ya mirija, mshono wa chini wa tanuri. Rekebisha vyote. Lengo ni kwamba uvujaji ukitokea baadaye, ujue umeletwa na moto mpya.

Kisha pima tanuri. Tanuri lenye kina na lisilo refu sana linatosheka na kichomeo kimoja. Refu na pana linahitaji zaidi ya kimoja. Union Pacific walijaribu mafuta kwenye Big Boy 4005 mwaka 1946 wakiwa na kichomeo kimoja. Joto halikusambaa sawasawa, na mwaka 1948 wakairudisha kwenye makaa. Injini za Garratt, ambazo boila lake linaning'inia kati ya seti mbili za magurudumu, kama zile za daraja la 59 zilizokuwa zikipanda kutoka Mombasa, zilikuwa na nafuu kubwa hapa: chini ya tanuri hakuna magurudumu, hivyo kina kinapatikana bila kugombana na ekseli.

Umefaulu ikiwa: jaribio la maji limepita bila tone, na una mchoro wa tanuri wenye urefu, upana, kina, na umbali kutoka sakafu hadi safu ya kwanza ya mirija.

## Hatua ya 2: Tengeneza tangi

Kilo moja ya mafuta mazito inatoa joto la karibu megajuli 42. Makaa mazuri yanatoa kama 30. Kwa hiyo mahali palipotumika tani 1 ya makaa, kadiria kilo 700 hadi 720 za mafuta, yaani lita 700 na kitu. Injini iliyobeba tani 5 za makaa itatosheka na tangi la lita 3,700 hivi. Ongeza sehemu ya kumi juu ya hapo iwe tupu daima, kwa sababu mafuta yakipashwa yanatanuka na wakati mwingine yanatoa povu.

Ndani ya tangi weka mabamba ya kuzuia mafuta yasiyumbe treni inapofunga breki. Sakafu iinamie upande mmoja, na pale penye bonde weka koki ya kutolea maji. Bomba la kutolea mafuta lianzie sentimita kadhaa juu ya sakafu, si sakafuni, la sivyo kichomeo kitalishwa maji na tope. Mdomo wa kujazia uwe na chujio. Bomba la kupumulia lipinde kuelekea chini na lifunikwe kwa wavu wa waya.

Mabomba ya mvuke ya kupashia yapite karibu na sakafu na kuzunguka mdomo wa kutolea. Mvuke wake upunguzwe shinikizo kwanza. Maji yanayotoka mwisho wa mabomba hayo yamwagwe nje, mahali pa kuonekana. Yasirudishwe kwenye boila hata kidogo. Kinga maji hayo kwenye kopo jeupe kila asubuhi. Ukiona utando wa rangirangi juu yake, bomba limetoboka ndani ya tangi na mvuke unaingia kwenye mafuta yako.

Joto la tangi. Mafuta ya aina hii huuzwa yakiwa na kiwango cha kushika moto (joto ambalo mvuke wa mafuta unaanza kuwaka ukiguswa na moto) kisichopungua nyuzi 60 za Selsiasi. Weka tangi kati ya nyuzi 45 na 50. Kazi ya tangi ni kuyafanya mafuta yatiririke tu. Kuyalainisha zaidi ni kazi ya hita ya njiani, ambayo imefungwa na haina hewa ndani yake.

Onyo la kwanza. Usiache tangi lifike nyuzi 100. Maji yaliyotulia chini yatachemka, na lita moja ya maji inakuwa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Tangi zima litamwagika juu ya mtu aliyesimama kibandani.

Onyo la pili, la oili chafu. Oili ya gereji ina maji, mchanga wa vyuma, maji ya rejeta, na mara nyingine petroli iliyotumika kuoshea vipuri. Iache itulie kwenye mapipa kwa siku kadhaa, toa maji ya chini, ichuje, kisha ipimwe kiwango cha kushika moto. Usipoweza kuipima, usiitumie. Nimesikia hoja kwamba oili chafu haiwaki hata kwa kiberiti. Ya pipa hili labda haiwaki. La pili utajuaje?

Onyo la tatu. Kiasi cha mafuta kipimwe kwa kijiti, na mwanga uwe wa tochi isiyotoa cheche. Hakuna kuchungulia tangi kwa utambi, na hakuna kuchomelea tangi lililowahi kuwa na mafuta mpaka lioshwe kwa mvuke na kukaguliwa.

## Hatua ya 3: Njia ya mafuta na valvu ya dharura

Valvu ya dharura inakaa chini kabisa ya tangi, kabla ya kitu kingine chochote. Iwe ya spring inayotaka kujifunga muda wote, ikizuiwa na pini. Pini ifungiwe vitu viwili: waya unaofika kibandani, na mnyororo mfupi uliofungwa kwenye injini. Injini na behewa vikiachana, mnyororo unang'oa pini na mafuta yanakatika. Mnyororo ukiwa mrefu kuliko bomba la kunyumbulika, bomba litakatika kwanza na mnyororo hauna maana. Pima hili injini ikiwa kwenye kona, si kwenye njia iliyonyooka.

Kutoka hapo mafuta yapite kwenye vichujio, kisha bomba la kunyumbulika, kisha hita ndogo ya mvuke karibu na kichomeo. Bomba lote lifungwe pamoja na bomba jembamba la mvuke na kuzungushiwa kitambaa cha kuzuia joto. Hata Dar es Salaam penye joto la mwaka mzima, mafuta mazito yanayosimama kwenye bomba usiku kucha hayatatembea asubuhi.

Joto la kulenga mbele ya kichomeo ni nyuzi 80 hadi 95 kwa mafuta mazito. Oili chafu ni nyepesi. Nyuzi 50 hadi 70 zinatosha.

Jaribio: tia lita 200, ruhusu mafuta yatiririke kwenye pipa, kisha ng'oa pini.

Umefaulu ikiwa: mtiririko unakatika papo hapo, na kila kiungo ni kikavu baada ya saa moja.

## Hatua ya 4: Ondoa chanja, jenga beseni la matofali

Hapa ndipo kazi ilipo. Jipe muda kuliko hatua nyingine zote.

Toa chanja za makaa na sanduku la majivu. Mahali pake panakaa beseni la bamba la chuma, lililofungwa kwa bolti kwenye fremu ya chini ya tanuri, na ndani limejengwa matofali ya moto. Matofali yana kazi tatu: yanalinda chuma, yanashika joto ili moto usizimike ukipunguzwa, na yanayapa matone ya mafuta mahali pa joto kali pa kumalizia kuungua.

Amua kwanza kichomeo kitakaa wapi. Ushauri wangu ni mbele, chini ya bamba la mirija, kikitazama nyuma kuelekea mlango wa fayamani. Ulimi wa moto unakwenda hadi ukuta wa nyuma, unapinda juu, ndipo unarudi mbele kwenye mirija. Umeupa safari ya karibu mara mbili ya urefu wa tanuri. Kichomeo kikikaa nyuma kikitazama mbele, moto unafika kwenye mirija kabla haujamaliza kuungua, na mafuta ambayo hayajaungua ndiyo masizi. Nikitumiwa picha ya mirija iliyoziba, swali langu la kwanza ni hilo: kichomeo kinatazama wapi?

Jenga hivi:

Sakafu ya beseni, tofali moja kwa unene, iliyoinama kidogo kuelekea tundu la kutolea mafuta yaliyomwagika. Chini ya tundu hilo weka kikingio.

Kuta za pembeni, kutoka sakafuni hadi juu ya mshono wa chini wa tanuri. Kichwa cha riveti kisionekane kikitazama moto. Kwa tanuri la shaba nyekundu, panda safu moja au mbili zaidi, kwani shaba inayopigwa na ulimi wa moto wa mafuta inaliwa haraka.

Ukuta wa kupokea moto, upande wa nyuma chini ya mlango. Huu unapigwa moja kwa moja. Uwe na unene wa matofali mawili, na uwe wa kubadilishwa bila kubomoa kuta za pembeni.

Tao la matofali la zamani, lile la juu lililokuwepo wakati wa makaa, liache ikiwa moto una nafasi ya kupinda chini yake bila kulilamba. Likibana njia, lifupishe au liondoe.

Viungo viwe vyembamba, vya saruji ya moto tu. Saruji ya nyumba itapasuka siku ya kwanza. Kati ya matofali na chuma acha nafasi ndogo iliyojazwa pamba ya kauri, vinginevyo matofali yakitanuka yatausukuma ukuta wa tanuri.

Kausha polepole. Siku ya kwanza moto wa kuni chache tu, siku ya pili mkubwa kidogo. Tofali lenye unyevu likipigwa moto mkali linapasuka vipande, na kipande kimoja kikianguka mbele ya kichomeo kinavuruga moto wote.

Umefaulu ikiwa: ukichungulia kwa tochi kutoka mlangoni huoni chuma chochote chini ya usawa wa mshono, na ukigonga tofali kwa nyundo ndogo linalia wazi, halilii bovu.

## Hatua ya 5: Hewa

Kilo moja ya mafuta inataka karibu kilo 14 za hewa ili iungue yote, na kwa vitendo unaongeza asilimia 15 hadi 20. Fanya hesabu kwa injini inayounguza kilo 700 kwa saa: hata kabla ya nyongeza, ni kilo 9,800 za hewa, yaani zaidi ya mita za ujazo 8,000 kwa saa ukiwa pwani. Ukichukulia hewa inaingia kwa mwendo wa mita 15 kwa sekunde, matundu yako yote kwa pamoja yanahitaji eneo la mita ya mraba 0.15. Ongeza nyongeza yake, inafika 0.18. Wengi wanaoniletea malalamiko ya moshi mweusi wana chini ya nusu ya hapo.

Mwinuko nao unahesabika. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa, na Timboroa, ambako reli inavuka mita 2,700, kila mita ya ujazo ina upungufu wa karibu robo. Ukipima matundu yako Tanga kisha ukapeleka injini nyanda za juu, itafuka.

Sasa, iingie wapi? Sehemu kubwa iingie kuzunguka kichomeo na chini yake, ili ichanganyike na mafuta tangu mwanzo. Sehemu iingie kupitia matundu ya pembeni na ya sakafu, katikati ya njia ya moto. Kiasi kidogo mbele ya ukuta wa nyuma. Hewa inayoingia mlangoni haisaidii. Inapita juu ya moto, inapoza mirija na kuifanya ivuje.

Kila tundu liwe na kilango cha kufunga kinachoendeshwa kutoka kibandani. Moto ukizimwa, vilango vinafungwa papo hapo ili hewa baridi isipande kwenye mirija ya moto.

Umefaulu ikiwa: kipuliza (bomba la mvuke linalopuliza juu kwenye dohani ili kuvuta hewa) kikiwa wazi na vilango wazi, karatasi iliyoshikwa karibu na kila tundu inavutwa ndani. Tundu lisilovuta halina faida pale lilipo.

## Hatua ya 6: Kichomeo

Aina ninayoipendekeza ni bapa, yenye mifuo miwili. Mafuta yanatoka kwenye mfuo wa juu na kumwagikia kwenye pazia la mvuke unaotoka mfuo wa chini. Mvuke unayapasua kuwa matone madogo na kuyatandaza. Haina kitu cha kuziba kirahisi, na karakana yenye mashine ya kukatia chuma inaweza kuitengeneza. Mfuo wa mvuke uwe mwembamba, milimita 1 au pungufu, na uwe sawa kutoka ncha hadi ncha.

Kabla ya kukifunga, kijaribu uwanjani. Peleka maji mahali pa mafuta, na hewa ya kompresa mahali pa mvuke. Unatafuta mnyunyizo bapa uliotandazwa kama feni, ulio sawa pande zote mbili. Ukiona upande mmoja unatoa michirizi, mfuo una ukingo mbovu. Usugue kwa jiwe la mafuta, usiupanue.

Kifunge katikati kabisa ya upana wa beseni, sentimita kadhaa juu ya sakafu, kikiinuliwa ncha kidogo sana. Kikiinama, mafuta yatapiga sakafu na kuganda kuwa mkaa mgumu. Kikiinuka mno, moto utakwenda kwenye mirija bila kupitia ukuta wa nyuma.

## Hatua ya 7: Kibanda

Fayamani anahitaji kufikia vitu hivi bila kunyanyuka: valvu ya mafuta, valvu ya mvuke wa kunyunyizia, valvu ya kipuliza, valvu za hita mbili (ya tangi na ya njiani), vilango vya hewa, na waya wa dharura. Valvu ya mafuta iwe na mkono mrefu unaotembea kwenye upinde wenye meno, ili robo ya jino ionekane kwenye moto.

Mlango wa tanuri ufungwe kwa komeo la chuma na uachiwe kitundu cha kuchungulia chenye kifuniko, na kingine cha kutilia mchanga. Komeo ni la lazima: moto ukirudi nyuma, mlango usiofungwa unafunguka kuelekea usoni mwa watu.

## Hatua ya 8: Kuwasha mara ya kwanza

Watu wawili, mmoja pekee ndiye anayetoa amri. Ndoo za mchanga na kizima moto cha povu ziwe karibu. Fuata mpangilio huu bila kubadilisha.

1. Maji ya boila yaonekane nusu ya kioo au zaidi.
2. Unga mvuke wa nje, au hewa ya kompresa, ya paundi 80 hadi 100 kwa inchi ya mraba.
3. Pasha mafuta hadi joto lake. Fungua koki ya chini ya tangi mpaka maji yaishe na mafuta matupu yatoke.
4. Fungua vilango na kipuliza. Acha kipulize dakika tano, gesi yoyote iliyojificha itoke.
5. Fungua mvuke wa kunyunyizia peke yake mpaka uwe mkavu. Maji kwenye mvuke huu yanaua moto.
6. Punguza mvuke uwe kidogo. Tupa tambara lililoloweshwa dizeli na kuwashwa, litue mbele ya kichomeo. Lione likiwaka kwa macho yako.
7. Simama pembeni ya mlango, usisimame mbele yake. Fungua mafuta kidogo tu.

Yanapaswa kushika mara moja. Yasiposhika ndani ya sekunde chache, funga mafuta, kipuliza wazi, subiri dakika tano, rudia kutoka namba 4.

Onyo kuu la mwongozo huu: moto ukizimika, usiuwashe kwa kufungulia mafuta juu ya matofali yenye joto. Mafuta yanageuka gesi kwanza, yanajaza tanuri, kisha yanashika kwa pamoja. Ni mlipuko. Tambara linawashwa kila mara, hata kama moto umezimika kwa nusu dakika.

Siku ya kwanza jipe siku nzima kutoka maji baridi hadi shinikizo la kazi. Moto uwe mdogo na wa kudumu; usiuwashe na kuuzima. Boila ikifika paundi 80 hivi, hamia kwenye mvuke wake yenyewe.

Umefaulu ikiwa: moto ni wa rangi ya chungwa iliyokolea kuelekea njano, umejaa beseni, unapinda ukutani, na sauti yake ni mngurumo mmoja usiokatika. Ukisikia mapigo ya ngoma, mvuke wa kunyunyizia umezidi au hewa imepungua.

## Hatua ya 9: Kuendesha

Fayamani wa makaa alitazama moto. Wa mafuta anatazama dohani na mkono wa dereva.

Moshi wa kijivu hafifu, unaouona kwa shida, ndio sahihi. Mweusi: mafuta yamezidi au hewa imepungua. Mweupe mzito wenye harufu ya mafuta: hayaungui, pengine ni baridi au mvuke umezidi. Dohani safi kabisa inafurahisha wapiga picha, lakini ina maana unapasha hewa ya bure. Ongeza mafuta hadi kijivu kianze, kisha rudi kidogo.

Dereva na fayamani lazima wasemezane. Dereva anapotaka kufungua mvuke, fayamani anaongeza mafuta kidogo pamoja naye. Dereva anapotaka kufunga, aseme kwanza, fayamani apunguze mafuta na kufungua kipuliza, ndipo mkono wa mvuke ufungwe. Ukifungwa ghafla moto ukiwa mkubwa, mvuto wa dohani unakatika na ulimi wa moto unatafuta njia ya kibandani. Katika reli yoyote ninayoijua, ugomvi wa watu hawa wawili umeharibu matofali mengi kuliko uchakavu.

## Hatua ya 10: Kusafisha mirija kwa mchanga

Hata moto mzuri unaacha masizi, na utando mwembamba tu unazuia joto. Injini ikivuta kwa nguvu kwenye mlima, mahali pasipo na nyumba wala nguo zilizoanikwa, tia kibakuli cha mchanga mkavu uliochekechwa kupitia kitundu cha mlango. Mvuto unaubeba, unakwangua mirija, na dohani inatoa wingu jeusi kisha inasafika. Mchanga wa pwani wenye chumvi usitumike, na mchanga mbichi unaganda kwenye mirija.

## Dalili na tiba

Moto unatema na kukatika. Maji kwenye mafuta. Toa maji ya tangi, kagua kopo jeupe la hatua ya 2.

Moto unafifia polepole. Chujio limeziba. Hamia la pili, safisha la kwanza.

Mkaa mgumu sakafuni mbele ya kichomeo. Mafuta baridi au kichomeo kimeinama. Ung'oe kwa mtaimbo injini ikiwa imepoa.

Mirija inavuja baada ya safari, haivuji wakati wa kazi. Vilango vinachelewa kufungwa moto ukizimwa.

Mvuke haupandi ilhali moshi ni mzuri. Fungua chumba cha moshi mbele, pitisha brashi kwenye mrija mmoja. Ikitoka na masizi ya unene wa kucha, jibu unalo.

Usikimbilie kupunguza tundu la bomba la kupulizia moshi (linalotoa mvuke uliotumika kwenye dohani) ili kuongeza mvuto. Mafuta hayana kitanda cha makaa cha kukinzana na hewa, hivyo mvuto uliotosha makaa kwa kawaida unatosha. Tundu dogo linaibana injini bure.

## Kuzima, na kuhusu chanja zako

Funga valvu ya tangi kwanza, acha mafuta ya bombani yaishe kwenye moto, ndipo ufunge valvu ya mafuta. Puliza kichomeo kwa mvuke. Funga mvuke, kipuliza, vilango vyote, na funika dohani. Boila ipoe yenyewe. Anayemwagia maji baridi ili awahi nyumbani atarudi kukaza mirija.

Chanja za makaa zipake mafuta, zifunge kwa waya na uziweke stoo, pamoja na mchoro wa sanduku la majivu. Wapo watakaokushauri uziuze kwa wanunua vyuma chakavu. Uingereza ilipoishiwa makaa, serikali mwaka 1946 iliagiza injini 1,217 zigeuzwe kuwa za mafuta. Zikageuzwa 93, kisha fedha za kigeni za kununulia mafuta hayo zikakosekana, na injini za kampuni ya reli ya Great Western zilizokuwa zimegeuzwa zikarudishiwa chanja zake zote.